Jibu Limo Ndani Yako? Kuhusu Makocha wa Maisha wa Kikristo Kambini

Neno "kocha" limehama uwanja wa mpira. Zamani hapa Nyarugusu ukisema kocha, kila mtu alimfikiria yule jamaa anayesimama pembeni ya mstari akipiga kelele: rudi nyuma, toa pasi, mbona umelala! Sasa kuna kocha wa maisha. Yuko kwenye semina za kanisa, yuko kwenye vikundi vya vijana, yuko kwenye video fupi ambazo vijana wanatumiana kila bando linapopatikana. Anasema hakuja kukuambia cha kufanya. Amekuja kukuuliza maswali mpaka uamue mwenyewe, na Mungu akiwa katikati.

Kwenye kurasa hizi tumezoea kuhakiki hadithi na mashairi ya wenzetu. Leo naomba tuhakiki fundisho hili, maana vijana ninaofanya nao kazi wanalisikia kuliko wanavyosoma hadithi. Nimekaa kwenye semina zake, nimesoma karatasi zake za fotokopi mpaka zikachakaa. Nataka tuliulize kile tunachouliza kitabu chochote: linasema nini, linatufaa wapi, na linapofika kwetu linakwama wapi.

Kwanza tujue limetoka wapi. Mwaka 1974 mwalimu wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, aliandika kitabu kinaitwa The Inner Game of Tennis. Aliona kwamba mchezaji akielekezwa sana anaharibikiwa, lakini akisaidiwa kuangalia mwenyewe mpira na mwili wake, anajifunza haraka. Mwingereza John Whitmore, ambaye ujanani alikuwa dereva wa magari ya mashindano, akayachukua mawazo hayo akayapeleka kwenye makampuni. Kitabu chake Coaching for Performance kilitoka 1992, na ndicho kilichosambaza zile hatua nne ambazo tunaziona kwenye karatasi zetu: unataka nini, hali yako ikoje sasa, una njia zipi, na utafanya nini kweli. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Mkristo Gary Collins, ambaye tayari alikuwa anajulikana kwa vitabu vya ushauri wa kichungaji, alitoa kitabu Christian Coaching. Kuna wengine wengi, lakini hawa watatu wanatosha kuonyesha njia: uwanja wa tenisi, ofisi za kampuni, kanisa la Marekani, halafu sisi.

Nalisema hili bila dharau. Hata baiskeli tunazobebea kuni zilitoka mbali. Ila kila kitu kilichotengenezwa mahali fulani kinakuja na mazoea ya mahali pale, na kazi ya uhakiki ni kuyaona.

Nianze na sifa, na sifa ni kubwa.

Kambi ni mahali pa kuambiwa. Unaambiwa siku ya mgao, unaambiwa foleni ianzie wapi, unaambiwa rudi Jumatatu. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inataka mkimbizi akae kwenye eneo alilopangiwa na atoke kwa kibali. Kambi hii ipo tangu 1996, kwa hiyo wako watu wenye watoto wao ambao hawajawahi kuishi siku moja bila kuambiwa. Ukitoka kwenye foleni ukaingia nyumbani, wazee nao wanakuambia. Ukienda kanisani, papa pasta anakuambia. Na kuna wale watumishi wanaofika na neno la kinabii kwamba Mungu amewaonyesha utaolewa na nani, ama kwamba usiende kwenye mafunzo ya ufundi kwa sababu safari yako ya Ulaya imekaribia. Mimi siwahukumu wote. Lakini nimeona binti anavunja uchumba kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine, na yule mwenye ndoto hakuwepo siku binti alipolia.

Mahali kama hapo, mtu kukaa mbele yako akauliza "wewe unataka nini?" halafu akanyamaza kweli, akasubiri, ni jambo geni kabisa. Wengine hawajui pa kuanzia. Mwaka jana binti mmoja wa mwaka wa tano sekondari alinijia, "Yaya, niambie, niache masomo niende kwenye kushona, ao nimalize mpaka mtihani wa Serikali?" Nilimuuliza yeye anaonaje. Akacheka. "Mimi? Mimi nitaonaje?" Tulikaa karibu saa nzima. Ilitoka kwamba hapendi kushona hata kidogo, anachotaka ni pesa kidogo ya sabuni na ya mdogo wake ili asimwombe mjomba. Hilo ni swali jingine, na lina majibu mengine: kikundi cha kuweka na kukopa, kazi ya wikiendi, kuongea na mjomba mwenyewe. Kama ningemjibu haraka alivyoomba, tungebishana kuhusu cherehani bure.

Hapo njia ya ukocha inasimama imara, na Wakristo wana haki kabisa ya kusema siyo ya kigeni kwao. Katika Marko sura ya 10 kuna Bartimayo, kipofu anayeomba kando ya barabara ya Yeriko. Watu wengi wanamkemea anyamaze. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, halafu anamuuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu pale aliona kwamba ni kipofu. Bado aliulizwa. Watu wa mashirika wanaosoma gazeti hili, naomba mkae na mstari huo kidogo kabla ya kuandika mradi mwingine wa vijana. Na wachungaji wetu pia.

Sasa nifike kwenye matatizo. Yapo matatu.

La kwanza ni ile sentensi ambayo makocha wanaipenda, kwamba jibu limo ndani yako. Kuna mambo ambayo kweli jibu limo ndani: nampenda huyu au naogopa kukataa, nataka kusoma au nataka kuonekana nasoma. Lakini mambo mengi yanayotukosesha usingizi hapa, jibu halimo ndani ya mtu yeyote wa kambini. Liko kwenye ofisi. Kijana ana kesi ya kuhamia nchi ya tatu, imekaa miaka. Je, aoe sasa, wakati ndoa inabadilisha faili lake? Aanze biashara ya mtaji mkubwa, au atunze pesa ya safari? Unaweza kumuuliza maswali mazuri mpaka jua lizame. Kama hajui faili lake limefika wapi, anaamua gizani.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Wakongo walikuwa miongoni mwa makundi makubwa yaliyokuwa yanapokelewa kule. Watu waliokuwa wameshauza vitu vyao, wengine wameshapimwa afya, walibaki na mabegi. Wiki zilizofuata nilisikia kocha mmoja wa semina akiwauliza vijana wa hapa: unajiona wapi baada ya miaka mitano? Ni swali la kwenye karatasi, hana kosa la nia mbaya. Lakini lilitungwa kwa mtu ambaye miaka mitano ijayo iko mikononi mwake angalau nusu. Vijana waliandika majibu ya kupendeza, Kanada, daktari, NGO yangu mwenyewe, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani. Mimi niliona kwamba hakuna aliyesaidiwa kuamua chochote cha wiki ile.

Na hapo ndipo Yeremia 29:11 inapotumika. Hakuna mstari unaopendwa zaidi na makocha wa Kikristo: Mungu ana mawazo mema juu yako, ana kesho yenye tumaini kwa ajili yako. Unaandikwa juu ya karatasi, unaandikwa kwenye fulana. Sasa ndugu zangu, soma sura yote. Ile ni barua. Inatoka Yerusalemu kwenda kwa watu waliohamishwa kwa nguvu wakapelekwa Babeli. Yaani barua ile iliandikiwa watu kama sisi! Mstari wa 10, mmoja tu kabla ya ule wa fulana, unasema muda: miaka 70. Wengi waliosikia barua ile ikisomwa walijua watazikwa hukohuko. Na sura ya 28 inamtaja nabii Hanania, aliyekuwa amewaahidi watu kwamba ndani ya miaka miwili mambo yatarudi kama zamani. Yeremia alimwambia anawatumainisha watu uongo.

Linganisha hayo mawili. Hanania alitoa matumaini matamu bila habari sahihi. Yeremia alitoa habari sahihi kwanza, hata kama inauma, halafu akawaachia watu kazi za kuamua kila mmoja: jengeni, pandeni bustani, oeni, utafuteni usalama wa mji mliomo. Anayechukua mstari wa 11 peke yake, akaacha wa 5 na wa 10, amechukua barua ya Yeremia akaisoma kwa sauti ya Hanania. Kwangu mimi huo ndio udhaifu mkubwa wa fundisho hili linapofika kambini, na cha ajabu ni udhaifu wa kusoma Biblia, siyo wa kukosa Biblia.

Tatizo la pili ni neno "kisingizio". Kwenye ukocha kuna tabia ya kumkatiza mtu anapotaja kikwazo cha nje. Mtu anasema "sina kibali cha kutoka," kocha anamwambia, sawa, lakini wewe unaweza kubadilisha nini? Swali hilo lina maana likija kwa wakati wake. Likija mapema linamwambia mtu kwamba lango, faili na mgao uliopungua ni mambo ya kichwani mwake.

Tena kuna kisa cha Injili kinachosaidia. Yohana sura ya 5, kwenye birika la Bethzatha, kuna mtu ameugua miaka 38. Yesu anamuuliza kama anataka kupona. Swali la ukocha kabisa. Tazama jibu. Hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anaeleza kwamba hana mtu wa kumwingiza kwenye maji yanapotibuliwa, na kila akijaribu mwingine anamtangulia. Nimesikia mahubiri yakimsema mtu huyu kuwa ni mlalamishi, amezoea ugonjwa, hataki kubadilika. Mimi kila nikisoma naona mtu anayeeleza foleni. Amekaa kwenye mfumo ambao wa kwanza ndiye anayepata, naye hawezi kuwa wa kwanza, na hana mtu. Ameeleza vizuri kuliko ripoti nyingi. Na ukiangalia, Yesu hamkemei kwa jibu hilo. Hamwambii acha visingizio. Anashughulika na shida yenyewe, na anamfanya asimame kwa miguu yake bila kupitia foleni ile.

Kocha hana uwezo wa namna hiyo, najua. Lakini anaweza kusikiliza maelezo ya foleni mpaka mwisho bila kumwona mtu kuwa mvivu. Wakati mwingine kitu kinachotakiwa baada ya maswali ni kumsindikiza mtu kwenye dawati la ulinzi, au kuandika barua ya rufaa pamoja naye. Karatasi zinasema ukifanya hivyo umeacha kuwa kocha. Basi siku hiyo acha kuwa kocha.

Tatizo la tatu: vitabu hivi vinamwona mtu akiwa peke yake. Wewe na ndoto yako. Kwetu mtu anaamua akiwa na mama kwenye kichwa, na kaka aliyebaki Fizi, na watoto wa marehemu dada. Faili lenyewe la kambi ni la familia, kadi ya mgao ni ya familia. Kijana anayeamua "mwenyewe" kuhamia kadi nyingine amepunguza sahani ya wengine. Siyo kwamba asiamue. Ila kocha asiyeuliza "uamuzi huu utamgusa nani, na umeshaongea naye?" amemsaidia nusu tu, na nusu iliyobaki italipuka nyumbani usiku.

Kama ningeombwa kuchagua hadithi moja ya kufundishia kazi hii, ningeacha hatua nne za Whitmore nikachukua Ruthu sura ya kwanza. Naomi alikimbia njaa Bethlehemu, akaishi Moabu ugenini, akafiwa na mume na wana wawili. Anasikia kwao chakula kimerudi, anaanza safari. Wakwe zake wawili wanamfuata. Njiani anasimama kuongea nao, na angalia anavyofanya. Anawaombea mema. Anawaambia hali halisi bila kuipamba: sina wana wengine, sina cha kuwapa, kwangu kumekuwa kuchungu. Anasema wazi anavyoona yeye, kwamba warudi kwa mama zao. Hajifichi nyuma ya maswali. Kisha wale wawili wanaamua tofauti. Orpa anambusu na kurudi, na hadithi haimlaani hata kwa neno moja. Ruthu anakataa kurudi. Naomi alipoona amekaza nia, akaacha kumsemesha, wakaendelea na safari pamoja.

Hapo mna kila kitu ambacho karatasi zetu zinatafuta, pamoja na vile vilivyokosekana. Ukweli ulisemwa kwanza. Mkubwa alitoa maoni yake kama mkubwa, lakini hakulazimisha. Uamuzi wa kurudi na uamuzi wa kwenda vyote viliheshimiwa. Na baada ya uamuzi, yule aliyeshauri alitembea barabara ileile na aliyeamua kinyume cha ushauri wake. Wangapi wetu tunaweza hilo? Sisi kijana akikataa ushauri tunamwambia usinirudie ukilia.

Nina neno pia kwa wafanyakazi wa mashirika, kwa sababu ukocha umewaingia hata ninyi kwa majina mengine. Mnajua kipimo kizuri kuliko sisi wa makanisani. Mwongozo wa UNHCR wa mwaka 1996 kuhusu kurudi nyumbani kwa hiari unataka uamuzi wa mkimbizi uwe huru na uwe na habari za kweli. Ndiyo maana kunakuwa na ziara za kwenda kuona na kurudi kabla mtu hajaweka sahihi. Uhuru bila habari hautoshi, na habari bila uhuru haitoshi. Majirani zetu Warundi wanalijua neno "hiari" kwa uzito wake, tangu safari za kurudi zianze 2017. Kwenye kila foleni ya maji utasikia watu wanabishana hiari inaanzia wapi na shinikizo linaishia wapi.

Basi kipimo hicho kitumike hata kwa mambo madogo. Mkija kutuuliza "ninyi vijana mnataka mafunzo gani?" wakati bajeti imeshapita na ni ya sabuni tu, hilo halikuwa swali. Ni afadhali kusema: pesa iliyopo ni ya kufundisha kutengeneza sabuni, nafasi 30, anayetaka aandikishe, asiyetaka hakuna ubaya. Sisi tunaweza kuamua vizuri sana mbele ya ukweli. Tunachokichoka ni kuulizwa kwa heshima maswali ambayo jibu lake limeshachapwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Ukocha wa maisha wa Kikristo ni bora mara nyingi kuliko unabii wa kuamulia watu ndoa, na ni bora kuliko shirika linalotoa agizo. Tusiutupe. Lakini tuache kuusoma kama umetoka mbinguni ukiwa umekamilika, wakati ulipita kwanza kwenye uwanja wa tenisi na ofisi za watu wenye pasipoti. Kwenye kikundi ninachokisimamia tumeanza kubadilisha karatasi. Kabla ya lile swali la ndoto, kijana anagawa ukurasa sehemu tatu kwa kalamu: yaliyo mkononi mwangu, yaliyo mkononi mwa wengine, na yale ambayo sijui lakini kuna mtu anajua. Sehemu ya tatu ndiyo inayojaa haraka. Kila jambo lililomo tunaliandikia jina la ofisi na siku ya kwenda, na mtu wa kwenda naye. Ndipo tunarudi sehemu ya kwanza kuulizana maswali.

Yule binti wa mwaka wa tano bado anasoma. Mjomba alikasirika, halafu akapoa. Sijui kama uamuzi ni mzuri, na siyo kazi yangu kuupa alama. Wiki hii ana miadi kwenye ofisi ya elimu kuuliza kuhusu ada ya mtihani, na ameniomba nimsindikize. Nitakwenda. Kama kuna msomaji anayeendesha kikundi cha vijana kwenye kanisa lake, au kwenye kambi nyingine, na karatasi zake zina maswali bora kuliko haya, atuandikie kwa toleo lijalo. Nafasi ipo.